Fundo la Mkono wa Kushoto

Jumanne, 12 Machi

Nimenunua daftari hili kwa sababu moja tu: kuna mtu anaiba nywele kwenye saluni yangu.

Msomaji asiyekuwa msusi atacheka. Nywele zilizokatwa, za kufagia, nani azitake? Sasa nenda kamwambie mteja wangu yeyote kwamba nywele zake zimetoka nje ya mlango huu, uone kama utamwona tena. Wengine wanaogopa kurogwa. Mimi siamini mambo hayo. Mchana siamini kabisa. Lakini imani ya mteja ndiyo mkate wangu, kwa hiyo tangu nifungue nimeweka ahadi: kila jioni nafagia, natia kwenye mfuko wa plastiki, nafunga fundo, na asubuhi nachoma kwenye pipa uani. Watu wanavuka saluni tatu kuja kwangu kwa sababu ya ahadi hiyo.

Shida ni masika. Pipa limejaa maji, moto hauwaki, na mifuko inalundikana kwenye stoo chini ya ngazi. Leo nimeukuta mmoja umepungua. Mtu asinidanganye, nywele nazijua kwa mkono.

Nyumba hii ina watu watatu. Mimi, mwanangu tunayemwita Kidole kwa sababu kila kitu lazima akiguse, na mpangaji wa chumba cha nyuma. Mimi simo. Mtoto hayumo. Hesabu hiyo haihitaji chuo.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua kutwa. Mteja mmoja, naye alikuja kujikinga.

Jumapili, 17 Machi

Niandike kuhusu mpangaji, maana ni lazima mtu amjue adui yake.

Ni mama wa makamo ya juu, amestaafu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vipimo vya wataalamu wa hali ya hewa. Alihamia mwezi wa kwanza na masanduku ya vyombo vya vioo na shaba, nguo chache. Watoto wa mtaa wanamwita Bibi Mshale kwa sababu kila chombo chake kina mshale unaochezacheza. Jumapili wanajaa barazani kwake, na Kidole wangu anakaa mbele kabisa.

Leo nilisimama dirishani juu nikijifanya naanika mataulo. Alikuwa ameshika kipimajoto.

"Ndani ya mrija huu kuna maji ya rangi," akasema. "Yakipata joto yanafanya nini?"

"Yanachemka!" akasema mmoja.

"Bado. Yanavimba kidogo. Hayana pa kwenda ila juu. Ndiyo maana tunaweza kuliona joto, ingawa joto lenyewe halionekani. Haya, Kidole, soma."

Kidole akasoma akiwa amesimama. Bibi akamwambia apige magoti, jicho liwe sawasawa na maji, asome tena. Namba ikawa nyingine.

"Umeona? Chombo hakijabadilika. Uliposimama ndipo palipobadilika. Ukisoma kwa juu au kwa pembeni, chombo kitakupa jibu, lakini siyo lake."

Maneno matamu. Na mtu mwenye maneno matamu hivyo, mimi namwangalia mikono.

Jumatano, 20 Machi

Mke wa mwoka mikate amerudi na ghadhabu zake. Jana nilimnyooshea nywele kwa pasi ya moto, leo asubuhi zote zimejikunja kama hazijawahi kuiona pasi. Nikamrudia kazi bure. Masika haya nitawarudia watu wote bure. Ningejua siku gani hewa ina unyevu, ningemwambia mtu, dada leo tusuke, kunyoosha njoo Ijumaa. Lakini nitajuaje? Mbingu haitoi tangazo.

Mke wa mwoka mikate si mteja wa kuchezea. Akisema saluni ni nzuri, benchi linajaa. Akisema ni mbaya, nifunge nikauze vitumbua.

Jumamosi, 23 Machi

Leo nimetega. Nilipofunga mfuko nikapitisha uzi wa buluu ndani ya fundo. Anayefungua, uzi lazima uanguke.

Jumatatu, 25 Machi

Uzi umeanguka!

Lakini si hilo lililoniacha mdomo wazi. Mimi ni wa mkono wa kushoto, na fundo langu linapinda kushoto, ndilo ninalofungia misuko yote. Hakuna msusi mwingine hapa mjini anayelifunga. Nimekuta mfuko umefungwa kwa fundo lilelile, limepinda kushoto, limekaza vizuri. Yaani mwizi ameniangalia akajifunza mkono wangu! Huyu si mwizi wa kuokota, huyu amesomea.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walimaliza.

Jumatano, 27 Machi

Bibi Mshale kanywa chai barazani. Kikombe kilikuwa mkono wa kushoto. Nimekiona kwa macho yangu kutoka dirishani.

Jumanne, 2 Aprili

Amenijia mwenyewe saluni, wateja wakiwepo, kajitandia khanga kichwani kwa sababu ya manyunyu. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kati ya wateja wako, wapo bado ambao nywele zao hazijaguswa na dawa wala rangi?"

Nikamwuliza za nini.

"Nauliza tu. Siku hizi ni adimu."

Nikamjibu kwamba vichwa vya wateja wangu ni siri yangu. Akatabasamu, akaenda zake. Kidole alikuwa anafagia, akainama akafagia pale pale palipokuwa pasafi.

Na mimi mwenyewe dawa sijaipaka maisha yangu yote. Nywele zangu zinafika mabegani, na hakuna aliyeziona. Wanasema kinyozi hajinyoi. Mimi najisuka mwenyewe, mikono juu hadi mabega yaungue, kuliko kumpa mtu kichwa changu. Hata dada yangu wa tumbo moja sijampa. Nachana, nafunga kitambaa, basi.

Jumapili, 7 Aprili

Somo la leo barazani lilikuwa mizani na kipimamvua. Kipimamvua chenyewe ni kopo tu lenye mdomo mpana na rula pembeni. Nilidhani ni cha maana zaidi.

Mtoto mmoja akasema, "Bibi, si tunaweza kuangalia tu kama mvua imenyesha sana?"

"Unaweza. Na jirani yako ataangalia, aseme imenyesha kidogo. Mtabishana mpaka jua litoke. Kopo halina jirani, halina hasira. Ila nalo nalijaribu kila mara, nalimwagia maji ninayoyajua kiasi chake, nione kama litanipa jibu la kweli. Chombo usichokijaribu ni kama uvumi, kinakuwa na namba tu."

Kidole akanyoosha mkono. "Na jambo lisiloanguka kwenye kopo? Kama unyevu wa hewani?"

Bibi akamtazama, akaweka kidole mdomoni. Watu wawili wana siri! Nilipomuuliza mwanangu jioni, akasema ni mambo ya masomo. Kidole hajawahi kunificha kitu, hata kile ambacho ningependa anifiche.

Jumanne, 9 Aprili

Nimeona.

Nilipita uani kuangalia pipa, pazia la chumba chake lilikuwa wazi kidogo. Sikuchungulia. Macho yalikwenda yenyewe. Juu ya meza kulikuwa na kibakuli cha spiriti, na ndani yake nywele. Ukutani amepigilia misumari miwili, na kati yake nywele zimevutwa, moja moja, zimening'inizwa shanga chini. Alikuwa anazipulizia pumzi, kisha anaziangalia kwa kioo cha kukuzia, midomo ikitembea.

Nimeandika kuwa siamini mambo hayo. Leo nimefunga mlango kwa ufunguo, mchana kweupe.

Ijumaa, 12 Aprili

Sikumwambia mtu. Nilimuuliza tu mke wa mwoka mikate, nikiwa namsuka, kama amewahi kuumwa kichwa baada ya kutoka hapa.

"Kuumwa kivipi?"

"Hivi hivi. Nauliza tu."

Akanyamaza mpaka nilipomaliza. Si kawaida yake.

Alhamisi, 18 Aprili

Benchi tupu tangu Jumatatu.

Muuza mboga ameniambia habari za mjini: kwamba kwenye nyumba yangu kuna bibi anayekusanya nywele, kwamba mke wa mwoka mikate kaumwa kichwa siku tatu, na mpwa wake nywele zinamtoka. Lisemwalo lipo. Kumbe si mimi peke yangu niliyeona! Nimejisikia vibaya, na nimejisikia vizuri pia kwamba nilikuwa sahihi.

Miaka kumi nimeijenga ahadi hii, na mwanamke wa masanduku ameila kwa miezi mitatu.

Jumamosi, 20 Aprili

Lazima niandike yote.

Saa nne asubuhi walikuja wanawake watano kwa pamoja, mke wa mwoka mikate mbele. Hawakuja kusukwa. Walikaa kwenye benchi, mikoba magotini, kama watu waliokuja kusikiliza kesi.

"Tumekuja kukusikia," akasema. "Tumekuletea vichwa vyetu miaka yote. Viko wapi?"

Nilitoka, nikapita koridoni, nikasukuma mlango wa chumba cha nyuma bila hodi. Bibi Mshale alikuwa anafunga skrubu kwenye ubao mwembamba. Nikaunyakua. Nikarudi nao saluni, yeye nyuma yangu, na Kidole nyuma yake.

Ulikuwa ubao wenye urefu wa mkono. Juu kuna kibanio, na kutoka kwenye kibanio unashuka unywele mmoja mrefu, unazungushwa kwenye kigurudumu kidogo, unaishia kwenye shanga. Kwenye kigurudumu pamegandishwa njiti nyembamba, ncha yake imepakwa rangi nyekundu, nayo inatembea juu ya kadi yenye alama. Nilipouinua mbele ya wanawake, njiti ikasogea. Mmoja wao akapiga kelele.

"Nywele za nani hizi?" nikamwuliza.

Bibi Mshale akafungua mdomo, kama mtu ambaye jibu analo. Kisha akageuka akamtazama Kidole. Mwanangu alikuwa ameegemea mlango, uso umekauka. Bibi akamtikisia kichwa polepole, akafunga mdomo wake.

"Si yangu kusema," akasema.

"Umeiba!"

"Nilipewa. Niliambiwa kuna ruhusa."

"Ruhusa ya nani?"

Mke wa mwoka mikate akasema, "Mnaona?" Na mimi nikaushika ule unywele kwa vidole viwili.

"Mwanangu, hujasoma bado," Bibi akaniambia. "Soma kwanza."

Nikauvuta. Ulikatika kwa sauti ndogo sana, ambayo sikutegemea kuisikia. Shanga ikadunda, ikabingirika chini ya draya. Njiti ikaanguka kichwa chini, ikakaa hivyo.

Nikamwambia aondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Hakubishana. Alirudi chumbani akitembea taratibu, mkono kwenye ukuta. Ubao aliuacha.

Wanawake wawili walibaki wakasukwa. Nimeshinda, basi.

Jumapili, 21 Aprili

Baraza tupu. Watoto walikuja, wakatazama mlango uliofungwa, wakaondoka.

Jumatano, 24 Aprili

Kidole hasemi nami. Anakula, anaosha sahani yake, analala. Nimeuweka ule ubao juu ya kabati. Sijui kwa nini sijautupa.

Ijumaa, 26 Aprili

Amehama leo kwa mkokoteni, kwenye mvua, masanduku yamefunikwa turubai. Watu walivuka barabara wasipishane naye. Nilitazama kutoka dirishani.

Jumanne, 30 Aprili

Leo asubuhi Kidole alikuwa anafunga begi lake la shule, mkanda umekatika, kaweka kamba. Nilikuwa nakunywa chai. Nikaangalia mikono yake bila kuwaza lolote. Kamba ikazunguka mara mbili, ikapita chini, ikavutwa kushoto.

Chai niliiweka mezani.

Fundo hilo nilimfundisha mimi, alipokuwa na miaka mitano, ameketi juu ya kile kiti cha wateja, mkono wake wa kushoto ndani ya wangu. Na mimi niliyeandika humu kwamba mwizi amesomea!

"Ni wewe," nikasema.

Akakaa chini sakafuni pale pale na begi lake, akalia kilio cha siku kumi. Nilimwacha alie, kisha nikakaa naye sakafuni. Akanieleza.

Bibi Mshale aliwaambia watoto kuwa unywele unakunywa unyevu wa hewa. Nywele zilizonyooshwa kwa moto hujikunja zikipata unyevu, hilo kila msusi analijua. Lakini unywele mmoja ukiuvuta kwa shanga usijikunje, unaona jambo lingine: hewa ikiwa na maji unarefuka, hewa ikikauka unafupika. Kidogo sana, jicho halioni. Ndiyo maana unauzungushia kigurudumu, ukatia njiti ndefu, ili kile kidogo kionekane. Kinaitwa kipimaunyevu.

"Nikakumbuka unavyolalamika kila masika," akasema. "Unawarudia watu bure. Nikamwambia Bibi tukutengenezee. Tukitundike saluni, ukiamka unakiangalia, unajua kama leo ni siku ya kunyoosha au ya kusuka. Bibi akasema sawa, lakini nywele zitoke kwa mwenyewe kwa ruhusa. Nikasema umeruhusu."

"Kwa nini hukuniomba?"

"Ungekataa. Wewe unakataa kwanza, mama, ndipo unauliza."

Nilifoka kidogo, kisha nikaacha.

Alijaribu mifuko yote ya stoo, na Bibi akaziosha nywele kwa spiriti kutoa mafuta. Kila unywele ulishindwa. Ule umepakwa dawa, ule umepakwa rangi, ule si wa binadamu bali wa kiwandani. Ulioshindwa ulirudishwa kwenye mfuko, na mfuko akaufunga fundo.

"Ule uliokuwa kwenye ubao ulikuwa wa nani?"

Akanyoosha mkono wake akagusa kitambaa changu cha kichwa. "Wa kwenye kitana chako."

Nimekaa na daftari hili nusu siku, saluni imefungwa. Nimesoma tangu ukurasa wa kwanza. Kikombe mkono wa kushoto! Sasa nakumbuka vizuri: mkono wa kulia ulikuwa na penseli. Ule uvumi wa kuumwa kichwa niliupanda mimi, kisha ukaniletea mavuno nikasema si mimi peke yangu. Nimemfukuza mama wa watu kwa sababu ya unywele wangu mwenyewe, naye alinyamaza ili mwanangu asiaibike mbele za watu. Naona haya. Naona haya mpaka masikio yananiwaka.

Jumamosi, 4 Mei

Nimewaambia. Benchi lilikuwa na watu wanne, nikasimama katikati nikaeleza mwanzo mpaka mwisho, pamoja na kikombe cha chai.

Mke wa mwoka mikate alinisikiliza kwa huruma. "Maskini," akasema. "Kakuroga na wewe."

Jumapili, 5 Mei

Anakaa chumba cha juu ya duka la fundi viatu. Nilikwenda na Kidole na ubao.

Alitukaribisha, akatuwekea viti. Nilimwomba msamaha bila kuzunguka. Kidole naye akaomba wake, akapokewa mara moja, akapewa darubini achungulie paa za mji. Wangu ulichukua muda zaidi.

"Hasira sina," Bibi akasema. "Uchungu ninao. Nikienda sokoni, mtu anashika kichwa chake akiniona. Msamaha wako nimeusikia mimi na huyu mtoto. Wao hawajausikia."

"Nimewaambia. Wanasema umeniroga."

Akacheka. Sikutegemea. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la khanga.

"Basi umeniletea ubao wa nini?"

"Utengenezwe. Mshale umeanguka."

"Chombo ni kizima. Kinachokosekana ni unywele tu. Nao ninajua kichwa kimoja tu kinachofaa."

Niliweka mikono kwenye kitambaa changu. Nilifikiria kuchomoa mmoja pale pale na kumaliza. Kisha nikamwambia aje Jumamosi, saa nne, saa ile ile. Aje na mkasi wake.

Jumatano, 8 Mei

Mvua imepungua. Nimemtumia mke wa mwoka mikate ujumbe kwamba Jumamosi nitamsuka bure. Bure hajawahi kuikosa.

Jumamosi, 11 Mei

Walikuwa sita. Alipoingia Bibi Mshale, mikoba yote ilipanda magotini.

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Miaka kumi nimesimama nyuma ya kiti kile, sijawahi kukikalia. Ukiwa pale unajiona wewe mbele kwenye kioo, na mwenye mkasi yuko nyuma yako. Nikaelewa kitu ambacho wateja wangu wanakijua siku zote.

Nikafungua kitambaa.

"Jamani!" mmoja akasema. "Kumbe una nywele!"

"Unataka nikate wapi?" Bibi akaniuliza.

"Unapoona panafaa."

Vidole vyake vilikuwa baridi. Nilimwangalia kwenye kioo kila alipopitisha kitana, siwezi kusema uongo, nilimwangalia kama polisi. Aligawa, akachagua, akainua unywele kwenye mwanga. Mkasi ulipokaribia, nikafumba macho.

Aliwapitishia ule unywele mmoja mmoja. Akaufunga kwenye ubao, akatundika shanga, akamwita mke wa mwoka mikate. "Pulizia pumzi, mwanangu. Lakini kwanza inama, jicho liwe mbele ya mshale."

Akagoma. Akatazama wenzake. Kisha akainama, akapuliza, na njiti nyekundu ikapanda. Akapuliza tena. Akaanza kuwasukuma wengine wampishe, apulize mara ya tatu.

"Na mimi zangu?" akauliza. "Zinaweza kupima?"

"Zako zina dawa," nikasema.

"Tangu leo sipaki."

Ubao sasa uko ukutani, karibu na kioo. Mshale umekaa juu, kwa hiyo nilimsuka, sikumnyoosha.

Walipoondoka, nywele zangu zilizobaki zilikuwa chini sakafuni. Bibi Mshale alichukua ufagio kabla yangu, akazikusanya, akazitia kwenye mfuko. Akaninyooshea kamba.

"Funga wewe," nikamwambia.

Akafunga. Fundo limepinda kulia, legelege, baya kweli, mtoto wa chekechea angelifungua. Nimeuweka mfuko stoo pamoja na mingine, na fundo nimeliacha hivyo hivyo.